Kaza Msuli

Niliwahi kuanguka ghorofa sita ndani ya lifti nikiwa na kikombe cha chai mkononi, na tulipotua chini haikumwagika hata tone. Mke wangu akiisikia hadithi hii husema zilikuwa ghorofa mbili, na chai nilikuwa nimeshaimaliza. Hatugombani. Mimi natia chumvi, yeye anaipunguza, na wageni wanakula.

Nilikuwa fundi wa lifti. Hakuna aliyenisomesha, nilianza kwa kuwashikia taa waliokuwa wakitengeneza, nikaishia kushikiwa taa na wengine. Kazi ile inakufundisha kuogopa kitu kimoja tu, na ukikiogopa vizuri unastaafu mzima. Kitu chenyewe ni kuanguka. Sisemi kufa, kufa ni jambo la mara moja. Nasema ule muda wa katikati, sakafu ya juu imeshakuacha na ya chini haijafika.

Sasa, mtu niliyepandisha nusu ya mji kwa waya, nyumba yangu mwenyewe iko ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti. Lina ngazi za saruji zilizolika katikati kama kipande cha sabuni, na bomba la chuma la kushikilia ambalo kwenye kona ya pili linacheza kama jino la mtoto. Ngazi hizo ndizo zilizolimaliza goti langu la kulia, mpaka ikabidi libadilishwe.

Daktari wa upasuaji alinieleza mapema. Atatoa sehemu zilizosagika, ataweka chuma na plastiki. Nikamwambia hilo nalijua: kapi, lile gurudumu la kupitishia waya, likilika unaweka jipya na lifti inapanda. Akakubali kwamba ni karibu na hivyo, ila kapi ataweka yeye na waya nitaufanyia kazi mwenyewe. Nilicheka. Sikuuliza waya upi.

Siku ya kuruhusiwa kutoka, mwuguzi wa wodi alikuja na haraka zake. Dawa za maumivu zilikuwa zimenijaza pamba kichwani. Suruali ilikuwa haipiti kwenye goti lililovimba, kwa hiyo mke wangu alikuwa amenifunga msuli, ule wa mistari ya kijani ninaojifunga kiunoni nikiwa nyumbani. Mwuguzi akatusomea mambo mengi, ya vidonge, ya kidonda, ya barafu. Halafu, mwili umeshageukia kitanda cha jirani, akaninyooshea kidole usawa wa kiuno.

"Na msuli, mzee. Msuli ndio muhimu. Kaza, shikilia kidogo, achia. Kila unapokumbuka. Na usisimame hata siku moja kabla hujakaza msuli."

Mke wangu aliitikia kwa kichwa, nami nikaitikia. Ilituingia akilini bila shida yoyote. Mgonjwa wa goti anasimama, msuli unafunguka, unamnasa miguuni, na yeye anakwenda chini na chuma chake kipya. Nilimwambia mke wangu kwamba hospitali hii ina watu wenye akili, wanafikiria mpaka mavazi.

Watu wawili wa gari la wagonjwa walinipandisha nyumbani nimekaa kitini, kwa kubadilishana matusi na zile ngazi. Nikawekwa kwenye kochi karibu na dirisha, na kazi ikaanza. Tulikuwa watiifu sana. Pindo la kulia juu ya la kushoto, nasokota, nachomeka, nashikilia. Naachia. Mke wangu ananiulizia kutoka jikoni kama nimekaza, nami najibu nimekaza. Nilifikia mahali pa kufunga fundo ambalo lingebeba lifti ya watu wanane, wote wanene, na mizigo yao. Kuhusu lile la kuachia tulijadiliana kidogo, tukakubaliana ni ili chakula kipate njia.

Na wakati wote huo mguu ulikuwa unakufa.

Sikuwa na neno jingine. Nilikuwa naunyoosha kwenye kochi, nauambia uinuke, na agizo linashuka mpaka mahali fulani chini ya nyonga halafu linapotea. Mota inanguruma, kibanda cha lifti hakiendi. Goti lenyewe lilikuwa zuri, kidonda kimefunga safi. Juu yake ndiko kulikokuwa na jambo. Nilipoyaweka mapaja mawili pamoja, la kushoto lilikuwa paja la mtu, na la kulia, upande wa ndani, lilikuwa limefanya kibonde ambamo ungeweza kulaza yai. Ngozi ililegea kama soksi iliyokwisha mpira.

Nilichukua mkanda wa suruali yangu ya zamani ya kazini nikalizungushia lile paja. Kila asubuhi, mke wangu akienda kuanika nguo, nilipima. Kila mara ncha ya mkanda ilining'inia zaidi. Nikisikia anarudi, nausukuma mkanda chini ya mto wa kochi na kuanza kupiga mluzi. Mluzi wenyewe ulikuwa hautoki sawasawa.

Kisha goti likaanza kuachia. Mara ya kwanza ilikuwa bafuni. Nilikuwa nimesimama na fremu ya kutembelea niliyopewa hospitali, msuli umekazwa barabara, na ghafla nikawa sina mguu. Hakukuwa na maumivu hata kidogo, na ndicho kilichonitisha. Maumivu ni kengele. Hapa ni kama mtu alichomoa pini tu. Nilijikuta nimening'inia kwenye sinki kwa kidevu. Mke wangu alikuja mbio, nikamwambia nilikuwa nakagua kutu ya bomba. Akaniangalia. Safari hiyo hakupunguza kitu. Alinishika kwapani akaninyanyua, na nilisikia pumzi yake ikikatika kwa uzito wangu.

Baada ya hapo kila hatua ilikuwa shimo la lifti. Niliweka mguu chini na kusubiri kama utakuwepo. Jasho lilinitoka kutoka kochi mpaka mlangoni, na mlango wenyewe uko pale pale.

Halafu akaja Kilo. Kilo ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mstaafu wa bucha. Tunamwita Kilo kwa sababu akikutazama mara moja anajua uzito wako, na ana tabia ya kuutangaza mbele za watu. Aliketi, akanitania kwamba nimekuwa mwali ndani, hata kutoka sitoki. Nikamtania kwamba yeye naye akitoka mlango unashukuru. Kisha akaomba auone mguu. Akaukamata kama alivyokuwa anakamata nyama buchani, kidole gumba kimezama juu ya goti, kikazunguka, kikatulia pale kwenye kibonde. Akanyamaza. Shemeji huyu nimemjua tangu posa yangu, sijapata kumwona amenyamaza.

Akachungulia jikoni kama dada yake yuko mbali, kisha akaniinamia.

"Shemeji, hii nyama inaliwa."

Nikamwuliza inaliwa na nini. Akasema hajui, ila inaanzia ndani, upande wa chuma. Akanisimulia ng'ombe mmoja aliyemeza kipande cha waya malishoni. Walipompasua, nyama yote iliyouzunguka ule waya ilikuwa imegeuka kama uzi. Nilimwambia aache kunitia wasiwasi na ng'ombe wake. Akaomba radhi, akanywa chai yake haraka kuliko kawaida, na alipofika mlangoni hakuutaja uzito wa mtu yeyote.

Nilibaki na lile neno. Nikikunja goti linasema tak, nikilinyoosha linasema tak. Hapo kwanza nilidhani ni plastiki na chuma vinazoeana. Sasa nikasikia meno. Niliacha kukunja goti ili lisitafune. Mke wangu akiniuliza mbona nimekauka kama ubao, namwambia napumzisha chuma. Nilijua mwisho wake ungekuwa nini. Wangeniona hospitali, wangelipima lile paja, na daktari angesema kinachobaki ni kukata juu ya pale kinapokula. Kwa hiyo kila siku ya miadi ya mazoezi ilipofika nilimwomba mke wangu apige simu. Mara nina mafua, mara tumbo. Alipochoka kunipigia nilipiga mwenyewe, nikasema nimefiwa na mjomba. Mjomba huyo nimeshamzika mara nyingi kazini.

Wakachoka wao pia. Asubuhi moja mlango ukagongwa, akaingia binti mmoja mwenye mkoba begani na viatu vya kutembelea, anahema kwa ngazi zetu. Alisema ametoka kitengo cha mazoezi ya viungo, na kwamba mgonjwa akishindwa kwenda kwao, wao huja. Nilimkaribisha kwa shangwe. Nikamwanzishia hadithi ya jaji na mshtakiwa walionaswa pamoja katika lifti yangu, wakatoka humo wakiwa wakwe. Alicheka vizuri, mahali panapostahili, na huku anacheka akaliondoa shuka nililojifunika miguuni.

Akaliona paja. Kicheko kikaenda zake. Akapiga magoti kando ya kochi, akaweka kiganja juu ya goti langu, na mimi nikatazama nje, kwa sababu sikutaka kuuona uso wake akianza kutafuta neno la upole.

"Haya, baba. Kaza msuli."

Nilishukuru kupata kitu ninachokiweza. Nikashika mapindo mawili, nikasokota, nikachomeka, nikavuta.

Alisubiri. Akasema tena, taratibu zaidi, nikaze msuli. Nikafungua, nikaanza upya, nikavuta mpaka pumzi ikawa fupi. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, akanionea huruma.

"Anajitahidi, mwanangu. Anakaza kutwa nzima. Mpaka ana alama kiunoni."

Binti akaitazama mikono yangu. Akalitazama fundo. Akamtazama mke wangu, kisha akageukia dirishani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Wa pili kuelewa alikuwa mke wangu, maana nilimwona anakaa taratibu kwenye mkono wa kochi huku ameziba mdomo kwa kiganja. Wa mwisho nilikuwa mimi, nikiwa bado nimeshika mapindo.

Wakiwa bado wanafuta machozi, nikamwuliza binti swali langu. Nilimwuliza kama chuma kinanila. Nilijaribu kulisema kama utani, sauti ikanisaliti. Mke wangu aliacha kucheka pale pale, na nikajua hapo kwamba ule mkanda chini ya mto alikuwa anaujua siku nyingi.

Binti alisema hakuna kinachonila. Chuma hakina kosa, na tak ile ni ya kawaida. Tatizo ni nyama ya mbele ya paja, ule msuli mkubwa unaonyoosha goti na kulishikilia lisikunjike. Ulianza kusinzia zamani, tangu goti linauma nami nikawa nalikwepa. Upasuaji na uvimbe vikaulaza kabisa. Msuli wa namna hiyo hauamki wenyewe, unaamshwa kwa makusudi, na wiki zilizokuwa nzuri kuliko zote kwa kuuamsha nilizitumia kwenye kitambaa cha mistari ya kijani.

Nilimwuliza kama utaamka. Nilitegemea aseme ndiyo, watu wa hospitali hupenda kusema ndiyo. Alisema tutaona.

Hapo nikaogopa kuliko nilivyomwogopa ng'ombe wa Kilo. Kinachokula unaweza kukitoa. Lakini hapa hapakuwa na kitu cha kutoa, palikuwa na mimi tu, nauita mguu wangu na hauniitikii.

Akaendelea kusema kwamba miadi ya daktari wa upasuaji inakaribia, na safari hii itabidi nishuke. Akatufundisha kushuka: mguu wa upasuaji unatangulia, mzima unafuata, na ule muda mguu mzima unaposhuka kuufuata mwenzake, uzito wote unakuwa juu ya msuli huo aliotueleza. Usiposhika, goti linaachia. Mtu wa kusaidia anakaa chini yangu, ngazi moja mbele, ananitazama.

"Nitakaa mimi," mke wangu akasema.

Mke wangu ananifika kifuani. Upepo wa feni unamsogeza. Nikaliona shimo lote, kutoka ghorofa ya tatu hadi chini, na yeye amesimama ndani yake akiniangalia juu. Nikasema Kilo ndiye akae. Mke wangu akasema Kilo akiangukiwa na mimi, jengo zima litahama. Nikasema basi siendi. Akasema amenipunguzia chumvi maisha yote, hatashindwa kunipunguzia ngazi. Binti alikuwa anakunja taulo, hakuingilia.

Taulo hilo akaliviringisha, akaliweka chini ya goti, akaniambia nilikandamize kwa nyuma ya goti, kana kwamba nataka kuliponda. Nikakandamiza. Hakuna kitu. Akagonga kwa ncha za vidole pale kwenye kibonde, akasema nisukume vidole vyake kutoka ndani. Nikafumba macho. Niliutafuta mguu kama unavyotafuta swichi katika chumba usichokijua. Na kwa mbali sana, kitu kikatetema, kama taa mbovu inayowaka na kuzimika kabla hujasema imewaka.

"Huyo," binti akasema. "Mwite tena."

Nikawa namwita. Nilikandamiza taulo mpaka likapoteza manyoya. Nilikaza, nikashikilia, nikaachia, na sasa nilielewa kuachia ni kwa ajili ya nini. Mke wangu aliendelea kuuliza kutoka jikoni kama nimekaza, nami namwuliza upi. Baadaye nikaweza kuuinua mguu wa kulia wote kutoka kwenye kochi ukiwa umenyooka, ukitetemeka kama wa ndama. Kilo alipokuja alibonyeza paja, akatamka kwamba kuna nusu kilo imerudi, akaapa hakuwahi kusema habari ya kuliwa. Mkanda wenyewe ulisogea kidogo sana. Binti naye bado alikuwa anasema tutaona.

Hofu haikuondoka. Ilihama tu mahali. Nilipokaza paja sikuwaza tena kukatwa, niliwaza viganja vya mke wangu vikijaribu kunidaka ngazini.

Siku ya miadi ikafika. Kilo alitangulia chini kuishika teksi isiondoke. Suruali bado ilikuwa inabana gotini, nikavaa msuli, na ndani yake bukta yangu ya enzi za timu ya mafundi, yenye namba nyuma. Asubuhi hiyo niliamka na kulikaza paja, nikala na kulikaza, nikavaa viatu nikilikaza. Kitambaa nilikifunga bila kukitazama.

Mke wangu alishuka ngazi moja, akageuka, akanitazama gotini. Mguu wa kulia chini, kaza, wa kushoto ukafuata. Sikuzungumza. Yeye alikuwa anashuka kinyumenyume, mkono mmoja ukutani. Nilisikia harufu ya mafuta yake ya nywele ikipanda, nikawaza kwamba kama nikienda chini, hiki ndicho kitu cha mwisho nitakachokinusa. Ghorofa moja ikapita hivyo.

Kwenye kona ya pili, pale bomba linapocheza, mlango wa jirani yetu mwalimu ulikuwa wazi, naye amesimama na beseni la nguo. Akanisalimia. Nikataka kuitikia, na hapo nikasikia fundo linateleza. Lilipita kwenye nyonga, likapita mapajani, na msuli wote wa mistari ya kijani ukaenda kujikusanya miguuni. Mkono mmoja ulikuwa kwenye bomba, mwingine kwenye fimbo ya kutembelea. Mkono wa fimbo ulishaanza kwenda kukifuata kitambaa. Mwili wa mwanamume aliyevuliwa mbele ya mwalimu hausubiri ruhusa. Nilipoinama tu, goti likatetemeka, na nikausikia ule mwanzo ninaoujua, pini inapoanza kuchomoka.

Mke wangu aliinua viganja vyake viwili. Vilikuwa vidogo kuliko nilivyovikumbuka.

"Kaza msuli," akasema, kwa sauti ya chini.

Hakuwa anatazama kitambaa.

Nikauacha msuli nikaukaza msuli. Pia ya goti ikapanda, nyama ikajikunja juu yake ikawa ngumu, ikashika. Goti likasimama. Lakini kitambaa kilikuwa kimeizunguka miguu yote miwili na nisingeweza kupiga hatua, kwa hiyo mke wangu akafanya jambo ambalo binti hakutufundisha. Aliinama. Akakishika kitambaa na kuniambia ninyanyue mguu mzima.

Maana yake nisimame kwa ule wa kulia peke yake, na kisogo chake kiko chini yangu.

Nikanyanyua. Sijui ni kwa muda gani, na mimi ndiye mtu ambaye siku zote najua ni ghorofa ngapi. Paja lilikuwa linawaka, linatetemeka, bomba linalia ukutani, jasho linadondoka kwenye nywele zake. Nilikuwa nalisemesha lile paja moyoni kwa maneno ambayo siyaandiki. Alivuta kitambaa kutoka chini ya kiatu, akanigonga kifundo cha mguu niushushe, nikaushusha. Akatoa na upande wa pili. Aliposimama uso ulikuwa umemjaa damu kwa kuinama, au kwa kitu kingine. Akakitundika kitambaa begani na kuanza tena kushuka kinyumenyume, macho gotini.

Tulibakiza ghorofa nzima. Niliogopa kila ngazi mpaka ya mwisho, na teksi ilipoondoka mguu ulikuwa bado unatetemeka kwenye kiti, mkono wa mke wangu juu yake.

Jengoni wanasimulia kwamba nilishuka ngazi uchi wa mnyama huku mwalimu akiangusha beseni. Beseni halikuanguka, na bukta ilikuwepo, na namba yake ilisomeka. Safari hii chumvi wametia wao. Nimemwomba mke wangu aipunguze, amekataa.